Kuaga Kabla ya Kiinua Mgongo

Mjukuu wangu wa kike, yule anayekaa Mombasa, alinipigia simu juzi kuniambia anaacha kazi. Yuko kwenye kampuni kubwa, ofisi inayopulizwa baridi na mashine, na mshahara wake ukiusikia unatafuta pa kukaa. Anataka kufungua duka lake la vitambaa. Akaanza kunieleza mafao, bima, likizo ambayo hajaila, nami nikamkata maneno. Nikamwambia: usimuage mtu hata mmoja mpaka hizo pesa ziko mkononi mwako. Akacheka, akadhani ni maneno ya kizee. Basi nimekaa kuandika, kwa mkono huu uliojifunza herufi za Kiarabu chuoni na za Kizungu kwa wanangu, ili ajue kwamba bibi yake aliacha kampuni kubwa kabla mamake hajazaliwa, na nusura tuondoke mikono mitupu kwa sababu ya adabu nzuri.

Nasema tuliacha, ingawa aliyeajiriwa ni mume wangu. Yeye alikwenda kazini, lakini kampuni ilikuwa ikilala kwangu. Nguo zake zilinuka lami na majani ya ndizi, na funguo zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba akigeuka kitandani nilifikiri punda ameingia ndani.

Hii ilikuwa Kismayo, Wataliani walipoletwa mara ya pili, wale wa bendera mbili, ya kwao na ya Umoja wa Mataifa. Kampuni ilikuwa ikisafirisha ndizi za bonde la Juba, na nusu ya mji ilikula kwake. Mume wangu alikuwa mshika ghala. Si ghala la ndizi, ndizi hazikai. Lake lilikuwa la vifaa vya matishari, yale mabapa yanayopeleka mizigo merikebuni: kamba, turubai, kapi, makopo ya rangi, misumari ya kila urefu. Alilipenda ghala lile kama mke wa pili, na mimi nikalivumilia kwa sababu lilileta unga.

Lilileta zaidi ya unga. Sisi watu wa visiwani tulikuwa hatujawahi kuona mwajiri wa namna ile. Nyumba ya kampuni, bati juu. Sukari na unga kila wiki. Nguo ya Idi. Daktari bure. Na juu ya yote kiinua mgongo: ukitimiza miaka minane unapewa fungu kubwa la pesa kwa mkupuo, unakwenda zako. Usipotimiza, unapewa mshahara wa mwezi wa mwisho na kushikwa mkono.

Fungu lile lilikuwa na kazi yake tayari. Kaka yangu mkubwa ni fundi wa mashua kule Chovae, kisiwani kwetu, na alikuwa ametusimamishia chombo ufukweni. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, umelazwa, na mataruma, zile mbavu za mashua, yamesimama wazi kama samaki aliyeliwa. Zilizobaki ni mbao na misumari, na mbao na misumari hazitoki kwa undugu. Kaka aliniletea salamu kwamba kuna mtu wa Kudhaa anakuja kila mara kuzipapasa zile mbavu. Ana pesa. Kaka alitungoja kwa heshima, lakini na yeye ana watoto. Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja: kiinua mgongo kikija, mashua yetu na tunarudi kwetu. Kisipokuja, mashua inakwenda Kudhaa, na sisi tunabaki Kismayo bila kazi na bila nyumba, kwa maana nyumba ni ya kampuni.

Mume wangu aliajiriwa Mfunguo Mosi, mara tu baada ya Idi. Ilipoingia Ramadhani ya nane nilianza kujitayarisha, na Mungu anajua sijapata kufurahi hivyo hata siku ya harusi yangu. Siku ya harusi nilikuwa na njaa.

Jambo la kwanza, nilimaliza daktari. Kama daktari ni bure leo na kesho hayupo, kwa nini nimwache hivi hivi? Niliwapeleka watoto wote, wenye ugonjwa na wasio na ugonjwa. Daktari Mtaliani akauliza huyu ana nini. Nikamwambia hana kitu, lakini tunaondoka. Akauliza na huyu? Naye pia hana kitu. Alitupa dawa ya minyoo, kinini, na chupa za dawa ya nguvu nilizozibeba kichwani kama mbeba mafuta. Mume wangu alikuwa na gego lililooza miaka mingi, likimuuma tu pepo za kusi zikivuma. Nikamsukuma nalo likang'olewe kwa gharama ya kampuni. Akasema haliumi sasa. Nikamwambia litauma Chovae, na kule mwenye koleo ni kaka yangu.

Halafu nikauza kitanda, nikauza mbuzi, nikauza kabati. Sukari ya wiki sikuigusa, niliiweka akiba, tukanywa chai chungu tukicheka. Ndani mkawa mweupe, ukikohoa sauti inarudi.

Idi ikaja, ikapita. Mume wangu akavaa kanzu, akaenda kwa kapo, ndiye mkubwa wake Mtaliani, akamwambia miaka yangu imetimia, nataka kuondoka. Kapo akasema vizuri, leta barua. Kazi yenyewe alikwisha kumuahidi mtu wake kutoka Mogadishu, maana kiti cha ghala kilikuwa na wapenzi wengi. Sisi tukaingia katika kuagana.

Sasa hapa mjukuu wangu asome polepole, kwa sababu watu wa simu hamjui kuagana. Kwetu mtu hahami kimya kimya. Unapita mlango kwa mlango kutaka radhi. Unasema, nilichokukosea ninachokijua na nisichokijua, nisamehe, na mwenzako anakujibu hivyo hivyo. Mwenye kitu rohoni anakitoa, kwa sababu pengine hamtaonana tena.

Wakatoa. Jirani yangu Msomali aliyeniuzia maziwa alinishika mikono miwili, machozi yakimlenga.

"Abayo," akasema, yaani dada, "yale maziwa. Nilikuwa natia maji."

Nikamwambia nilijua.

"Ulijua, na ukanunua kila siku?"

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Tukasameheana. Wifi yangu akafuata. Dada huyu wa mume wangu aliniambia kwamba kabla ya ndoa alimwonya kakake kuwa nina mguu mmoja mfupi. Ndipo nikaelewa kwa nini miezi ile ya mwanzo mume wangu alikuwa akiniangalia sana nikitembea. Mimi nilifikiri ni mahaba. Nikamsamehe naye. Mtaa mzima ulimwaga ya moyoni, na mimi nikayapokea nikiwa nimekaa juu ya mkeka, kama kadhi. Kwa upande wangu nilitaka radhi kwa jumla. Sikutaja kitu.

Mume wangu hakuishia mtaani. Ni mtu wa dini na wa adabu, akasema miaka yote hii nimekula kwa mkono wa yule Mtaliani, vipi nisimtake radhi? Akaenda ofisini, akamchukua karani awafasirie. Karani alikuwa Mbarawa, mtu mpole mwenye tumbo, Kitaliani anakijua kama maji. Mume wangu akasimama mbele ya meza, mikono kifuani, akasema kwa unyenyekevu yote niliyokukosea kwa siri na kwa dhahiri, nisamehe, duniani na akhera. Karani aliniapia baadaye kwamba alifasiri sawasawa, hakupunguza wala hakuongeza.

Kapo akaweka kalamu chini. Kwao, kumbe, mtu haombi msamaha bila kuwa na kosa mkononi.

"Umechukua nini?" akauliza.

Mume wangu akajibu hakuchukua kitu.

"Basi nikusamehe nini?"

"Chochote, kapo."

Lile neno chochote ndilo lililomtoa kapo kwenye kiti. Mshika ghala anaondoka, na anataka asamehewe chochote? Akadai funguo pale pale. Akaamuru ghala lote lihesabiwe, tangu turubai hadi msumari wa mwisho, na barua ya kuacha kazi isipande juu kwa wakubwa mpaka yeye atie sahihi kwamba hakuna kilichopotea.

Huo ulikuwa msiba wa kwanza. Wa pili aliuleta karani, ambaye alimfuata mume wangu mlangoni akamvuta kando. Alikuwa amefungua karatasi za ajira ili aandike ile barua. Akamwambia miaka yako haijatimia. Mume wangu akasema imetimia, Idi nane nimezila hapa, nikutajie nguo niliyopewa kila moja? Karani akasema Idi nane ndiyo, lakini kampuni haihesabu kwa mwezi wa angani. Inahesabu kwa kalenda ya Wataliani, na mwaka wao ni mrefu kuliko wetu. Kila mwaka ulimpunja siku kadhaa, na kwa miaka yote ile zilikuwa zimekusanyika zikawa karibu miezi mitatu. Barua ikipanda leo, kiinua mgongo hakuna.

Msimcheke. Wafanyakazi wote wa kwetu walihesabu hivyo hivyo. Yeye alikuwa wa kwanza kutaka kuondoka, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kujua.

Alikuja nyumbani akakaa sakafuni, kwa kuwa pengine pa kukaa nilikwisha kuuza. Akanieleza. Ulimi wake ulikuwa ukicheza na lile pengo la gego. Niliiona mashua yangu inaondoka Chovae na mtu wa Kudhaa amesimama juu yake. Nikamuuliza kama hawezi kurudi kwa kapo aseme amebadili nia. Akanijibu: Mtu anashukiwa wizi wa ghala, halafu aseme ghafla kwamba ameona afadhali abaki ghalani? Kweli, hata mimi ningemfunga.

Nikafikiri. Kusoma kwangu ni juzuu chache, lakini akili sikuazima.

"Bwana," nikamwambia, "wakati wanahesabu, wewe umeachishwa?"

"Hapana. Barua haijapanda."

"Mshahara?"

"Unaingia. Lazima niwepo niwaonyeshe vitu vilipo."

"Basi acha wahesabu."

Kile kidevu chake kikaanza kutetemeka, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko. Tulicheka mpaka watoto wakaja kuangalia. Kapo mwenyewe, kwa shuku zake, alikuwa amemfungia mume wangu kazini, na kazi ilikuwa ndiyo hasa tunayoihitaji.

Shida ni kwamba kapo alitaka hesabu iishe haraka. Aliwapa kazi hiyo karani na wenzake wawili wa bandarini, na yeye mwenyewe akaja kukaa juu ya kasha kuwasimamia. Ghala kubwa, ndiyo, lakini wanaume wanne wenye bidii wangelimaliza kabla ya mwezi kuandama tena. Hapo nikaona kazi ya kuwachelewesha nimeachiwa mimi.

Nikawapikia. Nani atamkataza mke kumpelekea mumewe chakula cha mchana? Na mume wangu, mtu wa adabu, atakula peke yake wenzake wakimtazama? Siku ya kwanza nilipeleka wali wa nazi, nazi ya tui zito la kwanza, na samaki wa kupaka. Siku ya pili pweza. Siku ya tatu nikamletea kapo kamba wakubwa wa mwambani, nimewachoma na ndimu, na nikamwona anafungua kifungo cha suruali. Baada ya chakula kama kile, chini ya bati, adhuhuri ya Kismayo, mtu hahesabu misumari. Walilala juu ya turubai walizokuwa wameshazihesabu, na wakiamka hawakumbuki kama ni zile walizohesabu au ni nyingine, wanaanza upya. Ile sukari ya akiba yote niliimaliza kwenye visheti.

Merikebu ya ndizi ikija, ndiyo raha kabisa. Kila mtu anaitwa gatini, ghala linafungwa, hesabu inalala hadi merikebu iondoke.

Mtaani nako kulikuwa na yake. Tulikuwa tumekwisha kuagana na watu, wamelia, wametoa siri zao, halafu asubuhi wananiona natoa maji kisimani. Kila mmoja aliuliza, hamjaenda? Yule jirani wa maziwa hakuwa na pa kuuweka uso. Maziwa aliyoniletea miezi ile yalikuwa mazito hadi kijiko kinasimama. Wifi yangu ndiye aliyeteseka zaidi. Kila nikipita alitazama miguu yangu, kisha anachukua ufagio ananifagilia uwanja bila kuombwa. Nami siku nyingine, nikimwona yuko mlangoni, nilichechemea kidogo tu.

Sitaki mseme ilikuwa furaha tupu. Kaka yangu alikuja mwenyewe kutoka Chovae, hakutaka tena kuleta salamu. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, na kaka yangu hakatai chai.

"Dada, mchu wa Kudhaa ameleta mbao zake," akasema kwa lafudhi ya kisiwani. "Amezilaza kando ya mashua. Hajazigusa, lakini amezilaza."

Nikamwambia angoje.

"Nimengoja. Mataruma yanakauka jua. Ningoje mpaka yaote majani?"

"Ngoja mpaka merikebu ifuatayo iondoke. Usiposikia neno kwangu, mpe, na sitakulaumu. Radhi yangu unayo."

Akainuka. Pale mlangoni akauliza kwa nini nyumba haina hata kiti, nikamwambia habari ndefu. Nilitabasamu mpaka akapotea njiani, kisha nikaingia ndani nikamponda pweza wa kesho alainike. Hakuna pweza atakayemlaza mtu wa Kudhaa.

Na hesabu ikaisha. Pamoja na kula kwao kote, iliisha, na siku zetu zilikuwa bado hazijatimia, zilibaki kama wiki mbili. Karani alijikokota alivyoweza, maskini, alikuwa ameelewa zamani na hakusema kitu, alikula tu. Wakafika pembe ya mwisho, nyuma ya makopo ya rangi. Hakuna kilichopungua. Kapo alishachukua kalamu.

Karani akasema, kapo, kuna kitu kimezidi.

Kilichozidi kilikuwa nanga. Katika karatasi za kampuni nanga zilikuwa idadi fulani, na pale chini zilikuwa idadi hiyo na moja. Mume wangu akaieleza mara moja, maana si mtu wa kuficha. Hiyo ni yangu, akasema. Niliinunua kwa nahodha mzee wa Ras Kamboni kwa ajili ya mashua yangu, na kwetu watoto wanacheza, nikaogopa itawavunja vidole, nikaileta hapa. Kapo akamsikiliza hadi mwisho. Mshika ghala aliyeiba, huyo alikuwa anamjua, amewaona wengi. Lakini mshika ghala anayeleta cha kwake akakiweka ndani? Akamwambia karani, kwa hasira ya mtu aliyechoka, kwamba hesabu hiyo ni mbovu. Wameruka kitu. Anzeni tena.

Walianza tena. Siku ile mume wangu alikuja nyumbani akikimbia, mtu mzima na funguo hana tena, ameshika kanzu juu, na watu wakafikiri kuna moto bandarini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuloweka mchele.

Hesabu ya pili ilileta nanga ile ile. Kapo akaizunguka, akaipiga teke, akaumia, akatia sahihi. Tarehe aliyoandika chini ya sahihi ile ilikuwa imepita miaka minane ya Kitaliani, si kwa siku nyingi, lakini imepita. Barua ikapanda.

Siku ya malipo mume wangu aliniomba nifuatane naye kwa sababu hakuthubutu kuzibeba peke yake. Nilingoja barazani. Noti kubwa zilikuwa zimekwisha, wakamlipa kwa noti ndogo ndogo na sarafu, rundo la kujaza kapu. Alitoka amelikumbatia kama mtoto mchanga. Nikamwambia upesi, lete huku, mji mzima una macho. Nikaingia nyuma ya ukuta, nikalifunga lote tumboni kwa leso mbili, nikateremsha buibui juu yake.

Tukapita sokoni. Hatua ya kwanza tu, mama wa muhogo akanipongeza. Mwenye samaki akamwambia mume wangu Mungu amkuze. Jirani wa maziwa akaweka mtungi chini akanitazama.

"Abayo, na hukuniambia."

"Ni ya ghafla," nikasema.

Mume wangu alitembea mbele, mabega yanatikisika. Hatukuingia nyumbani. Watoto na mkeka na nanga vilikuwa vimekwisha kupakiwa katika jahazi la kwenda visiwani, na merikebu ya ndizi niliyomtajia kaka ilikuwa bado iko nangani, inapakia.

Chovae nilimkuta kaka yangu kati ya mashua na rundo la mbao za yule mtu wa Kudhaa. Aliona tumbo, akasahau yote aliyotaka kuniambia. Akanikung'utia pa kukaa juu ya mkuku, akaniambia nisiinue kitu chochote, nipumzike. Nikapumzika. Nikafungua leso moja, nikafungua ya pili, nikammiminia zote mapajani, nikamwambia aanze na misumari.